Siku Niliyomtoza Mkwe Hongo

Kuna watu hapa Mashineni wakiniona bado wanaanza kuimba. Hawanisemeshi, wanaanza tu ule wimbo chinichini huku wanaangalia pembeni kama vile koo linawawasha, na mimi naendelea na njia yangu na ungo wangu kichwani kana kwamba ni wimbo wa mtu mwingine. Ni wangu. Niliutunga mwenyewe, nikauimba mwenyewe kwenye kipaza sauti mbele ya mji mzima, kwa hiyo bora niusimulie mwenyewe kabla hujausikia kwa Mama Doto, ambaye kila akisimulia ananiongezea mauno ambayo sikuyakata.

Mimi si mwandishi wa maana. Niliishia darasa la saba, na ninayoandika ni haya ya kujiandikia nikishatoka kazini, na nikiyasoma kesho yake naona nusu nimejipendelea. Hii nimejaribu kuiandika kwa haki. Pale ambapo kosa ni la mwingine nitasema ni la mwingine (ni padogo sana).

Mji wetu ulianza na mashine moja ya kukoboa mpunga kando ya barabara, zikaongezeka, watu wakaja kukoboa, wengine wakasahau kurudi kwao, na jina likawa hilohilo, Mashineni. Njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikakata Ugogo ikaja Unyanyembe na kuendelea mpaka Ujiji, ilipita hapahapa, au ndivyo tunavyosema sisi. Vijiji vya jirani navyo vinasema ilipita kwao na sina ushahidi wa kuwakatalia. Ndiyo maana tumechanganyika hivi: Wanyamwezi sisi, Wasukuma na ng'ombe wao, Wamanyema, Waha, jamaa za Kiarabu ambao babu zao walikuja na biashara na leo wanaongea Kinyamwezi kunishinda, na Wagogo waliofuata reli na mchele.

Kila mwaka mavuno yakiisha tunafanya tamasha la asili zetu. Hakuna anayelipwa, ni kujitolea tu. Kila jamaa inaleta ngoma yake na chungu chake, na kilele chake ni msafara, yaani tunaigiza wapagazi wa zamani, mizigo kichwani, pembe inapulizwa, bendera mbele, tunazunguka uwanja wa mpira mpaka wazee wanatokwa machozi. Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Seif mwenye duka la vyombo, mtu asiyepandisha sauti hata akidaiwa sufuria aliyoiuza ikiwa na tundu. Vijana wanagawa chakula. Mimi, ambaye siku zote napepeta chenga za mchele pale mashine ya kati, mwaka ule niliwekwa langoni kupokea wageni, kwa sababu walisema nina mdomo mzuri. Nilifurahi. Sasa nikifikiria naona hawakusema mdomo mzuri wa namna gani.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo: kamba tu.

Zamani misafara ikifika Ugogo, watemi wa kule walikuwa wanawatoza wapagazi hongo. Si hongo hii ya kupitishwa chini ya meza, ni ushuru, nguo na shanga, ili upite na unywe maji ya watu. Wazee wanasema utani wetu na Wagogo ulianzia huko njiani. Basi Mnyamwezi na Mgogo wakikutana wanatukanana kwa raha zao, wananyang'anyana kofia, wanaulizana kwa nini hamjafa bado, na atakayenuna ndiye aliyeshindwa. Nikawaza: babu zetu walilipa miaka yote ile, safari hii walipe wao. Nikasimama kwenye kikao nikasema nitafunga kamba langoni, na Mgogo yeyote atakayekanyaga pale hapiti mpaka alipe hongo kwa kichwa chake, yaani abebeshwe mzigo aungane na msafara, azunguke uwanja. Kamati ilicheka mpaka Mama Doto akamwaga chai. Ikapita.

Mzee Seif peke yake alikuna ndevu.

"Mama Kabula, kamba funga, mwanangu. Lakini siku ile kuna wageni wengi, na mgeni hana maandishi usoni."

"Mzee wangu, Mgogo hahitaji maandishi. Akifungua mdomo tu nimeshamjua."

"Haya," akasema. Nataka ijulikane kwamba alisema, na kwamba tangu siku hiyo hajanikumbusha hata mara moja. Mimi ningemkumbusha kila Ijumaa.

Hapa lazima nimwingize Kabula, la sivyo hamtaelewa kilichoniua. Kabula ni binti yangu mkubwa, baba yake alishatangulia mbele ya haki, na alikuwa amepata mchumba, kijana anaitwa Yona, dereva wa lori linalokuja kupakia mchele hapa kupeleka Dodoma. Mgogo, ndiyo. Kijana ana adabu mpaka nilikuwa namtafuta kasoro usiku na mchana. Kabula alimpenda kiasi kwamba akisikia lori lolote linapiga honi barabarani anaacha ungo. Baba yake Yona na shangazi yake walikuwa waje Jumapili kuleta posa, siku moja baada ya tamasha, na kaka yangu wa Sikonge, yule mfuga nyuki, angekuja kukaa mahali pa baba.

Sasa kuna jambo. Nimelelewa na mama ambaye hakuwahi kumtazama mkwe usoni. Akisikia mkwe anapita anavuta kanga hadi puani na kuingia jikoni. Mkwe hutaniani naye, huli naye, humshiki, na jina lake hulitaji. Najua wengine wamelegeza, siku hizi wakwe wanapiga picha wamekumbatiana na mimi siwalaumu, lakini kwangu hilo liliingia mwilini. Kwa hiyo Kabula aliponiletea simu, "Mama, ona, huyu ndiye baba yake Yona," niliziba macho kwa viganja vyote viwili.

"Toa hiyo! Unataka nimwone mkwe kwenye simu kabla hajapita mlangoni?"

"Mama, ni picha tu."

"Picha ina macho."

Nilijiona mama mwenye heshima kuliko wote wilayani.

Jumamosi ikafika, jua zuri, vumbi la wastani. Nikafunga kamba yangu langoni, nikajifunga kanga mbili, nikavaa fulana ya kamati juu, na pembeni nimepanga mizigo: magunia yaliyojazwa pumba za mpunga, mepesi lakini yanaonekana kama yana shehena ya Ujiji. Mgogo wa kwanza kunaswa alikuwa Chomola, fundi baiskeli, jirani yetu wa siku nyingi. Alipoona kamba akapiga magoti akalia kwa sauti, "Jamani Wanyamwezi wameamka! Nani kawaamsha?" Nikamwambia simama ubebe, nyie mlizoea kukaa kivulini mnangoja sisi tupite. Akabeba, akacheza nao gunia kichwani bila mikono, watu wakashangilia. Wakaja Wagogo wengine, vijana wa kuuza ubuyu, wakabeba. Kila mmoja akipita mimi napanda kidogo. Kufikia hapo nilikuwa nimeshapanda sana, na mshereheshaji alikuwa amehamia langoni kwangu na kipaza sauti chake, ameacha jukwaa na ngoma za watu waliofanya mazoezi mwezi mzima. (Hilo ni kosa lake, nililisema litakuwepo.)

Ndipo akaja mzee mmoja. Mfupi, mkakamavu, koti la suti ambalo lilikuwa limepigwa pasi mpaka linang'aa, kofia ya pama, fimbo. Nyuma yake kuna mama mrefu wa kitenge ameshika begi, sura kavu, anaangalia huku na huku kama mtu anayekagua nyumba ya kununua. Chomola alikuwa amekaa pale anapumzika, yule mzee akamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi."

Mbukwenyi! Mgogo mzima, wa moto, kajileta. Nikavuta kamba.

"Simama hapo, mtani!"

Akasimama. "Habari za hapa, mama. Samahani, mimi namtafuta mtu mmoja anayefanya kazi kwenye mashine."

"Hapa hata mbuzi wanafanya kazi kwenye mashine. Umelipa hongo?"

"Hongo gani tena?"

"Ile mliyowatoza babu zangu. Mmekula shanga zetu mmenenepa, leo tumefika wadai. Au huko kwenu mvua imewapa kiburi?"

Watu wakaanza kusogea. Yule mzee akanitazama, halafu akatazama kamba, halafu kuna kitu kilipita kwenye midomo yake, wakati ule sikujua kuwa ni kicheko, akasema polepole, "Mvua hatujaiona. Tumekuja kuangalia kama mmeificha huku." Uwanja ukalipuka. Mimi nikasikia raha hadi kwenye unyayo, maana mtani anayejibu ndiye mtani. Nikamvua kofia. Nikaivaa. (Nilimshika kichwa. Naandika hivyo kwa haki, nilimshika kichwa.) Nikampachika gunia la pumba, na kwa vile nilikuwa nimechagua gunia lenye tundu makusudi, pumba zikaanza kumwagika kwenye kola ya lile koti la pasi, zikashuka mgongoni, zikamjaa masikioni. Yule mama wa begi alisema kitu lakini pembe ilikuwa inalia.

Msafara ukaanza. Ningeachia hapo ningekuwa salama. Lakini mshereheshaji akanipa kipaza sauti, na mimi, mtu ambaye kanisani nikiambiwa nisome somo natetemeka, nikakishika kama nimezaliwa nacho. Nikatembea mbele ya mzee na kofia yake kichwani, nikaanzisha:

"Mgogo kaja, kaja kuomba!"

"Kaja kuomba!" watu wakaitikia.

"Kaomba chumvi, tumempa! Kaomba mchele, tumempa! Sasa ataka binti..."

"Atapata?" wakauliza.

"Hapati, hapati!" nikajibu.

"Hapati!" Uwanja mzima. Wasukuma, Waarabu, Waha, hata Wagogo wenyewe. Hapati, hapati, ngoma chini, vumbi juu. Tukazunguka. Mshereheshaji akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mama Kabula, na wewe si una binti? Kweli humpi?"

"Wangu? Nimpe Mgogo huyu?" nikasema, na hapa ndipo ningeomba ardhi inirudishe nyuma hatua moja tu, "Bora nimwoze kwa mashine ya kukoboa, angalau hiyo inaleta mchele nyumbani!"

Sijawahi kuchekesha watu kiasi kile maishani. Mama Doto alikaa chini. Nikageuka ili nipokee sifa zangu, nikamwona Kabula. Alikuwa ametoka jikoni na sinia la matobolwa ya wageni, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, amesimama kama mlingoti. Sinia likaanguka. Akatembea mpaka mbele ya yule mzee, akapiga magoti vumbini na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema yule mzee, gunia likiwa bado kichwani, pumba zikimtiririka. "Ndiwe Kabula? Umefanana na picha."

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu na bado kinafanya kazi, kwa hiyo mji mzima ulisikia nikimlilia mama yangu, "Mayo wane."

Kumbe walikuwa wameamua kutangulia siku moja. Walisikia kuna tamasha, wakasema tufike mapema tulione, tumtafute mama yake binti tumsalimie kwa adabu, Yona atatukuta na lori kesho. Walikuwa wananitafuta mimi.

Nilikimbia. Sitaki kupamba, nilikimbia, kanga moja ikabaki njiani, nikaingia kwenye banda la pumba nyuma ya mashine na kujichimbia kwenye lundo mpaka shingoni, jasho na pumba vikashikana usoni nikawa kama mtama uliomea ndevu. Ndipo nikagundua kofia ya mkwe ingali kichwani kwangu. Nikaivua, nikakosa pa kuiweka. Huwezi kuiweka kofia ya mkwe chini. Nikaishika juu, mikono miwili, kama mtu anayeombea mvua.

Kabula akanikuta hivyo.

"Mama."

"Waambie nimekufa."

"Mama, shangazi yake Yona, yule mrefu, anafunga begi. Anasema hawezi kukaa. Anasema wamekataliwa kwa ngoma na kipaza sauti, na watu wote wameitikia, sasa Jumapili waje kutafuta nini tena?" Akapangusa macho kwa mkono. "Anasema kuna basi linapita jioni."

Hapo kicheko chote kilichokuwa kimebaki mwilini kikaisha. Kwetu neno la kukataa posa likisemwa mbele ya watu wa upande wa pili ni neno, halirudi mdomoni. Na mimi sikulisema tu, nililitungia kiitikio. Nilimtazama mtoto wangu, macho mekundu, vumbi la uwanjani kwenye gauni, na nikawa natafuta namna ya kusema nisamehe, lakini nilichosema ni, "Kwa nini hukunionyesha ile picha?"

Ile ilikuwa dhuluma, na nilijua hivyo hata ilipokuwa inanitoka mdomoni.

"Basi. Ni mimi," nikasema. "Niitie mtu wa kunisemea."

Maana mimi siwezi kwenda. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe. Mkwe hasemezwi na aliyemkosea, lazima atumwe mtu. Na kwetu jambo likishaharibika kati ya watu wanaoheshimiana, anayetumwa ni mtani, maana mtani anaweza kusema chochote na hakuna wa kumkasirikia. Lakini watani wetu ndio haohao wakwe! Mzee Seif akaja akasimama mlangoni mwa banda kwa heshima, amegeuza mgongo, akawaza kidogo, akasema, "Tumpate Chomola. Kwao ni ndugu, kwako ni mtani. Ataingia milango yote miwili."

Chomola akaja, akanitazama nilivyo, akajitahidi sana. Namsifu kwa jinsi alivyojitahidi. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo.

"Mtani, nimwambie nini huyo mzee?"

"Mwambie sikumjua. Mwambie nilimheshimu sana mpaka nikakataa kumwona. Mpe kofia yake. Mwambie anitoze chochote, lakini asimtoze Kabula."

Akaondoka na kofia. Kabula akakaa kwenye gunia. Nje ngoma zilikuwa zimesimama, na tamasha zima, ambalo watu walijitolea wiki na wiki, lilikuwa limekaa linangoja banda la pumba.

Mambo ya huko nje nimeyasikia kwa Mzee Seif, ambaye haongezi chumvi. Chomola alipofikisha maneno, shangazi alisema kukataliwa ni kukataliwa. Yule mzee alikuwa ameshavua koti analikung'uta. Akamuuliza dada yake, "Yule mama aliponisimamisha, aliniita nani?"

"Alikuita mtani."

"Na posa yetu ni lini?"

"Kesho."

"Basi leo mimi bado ni mtani. Ukwe unaanza kesho tukishakaa kwenye kiti. Neno la mtani halifungi mtu, lingekuwa linafunga, mimi ningeshazikwa mara nyingi. Hajamkataa mtu yeyote, katania." Shangazi akafungua mdomo, yeye akainua fimbo. "Lakini sasa sikiliza, dada yangu. Kama leo ni mtani, basi nina mpaka jioni kumlipiza. Hiyo siwezi kuiacha. Nitaijutia mpaka kaburini."

Chomola akarudi mbio. "Mtani, toka! Mzee amefunga kamba yako langoni. Anasema kwa amri ya Ugogo hupiti bila hongo."

Nilitoka nimejifunika kanga uso mzima. Akanisemesha yeye kwanza, kwa sauti kubwa ya mtu aliyekuwa amebanwa siku nyingi, "Wewe Mnyamwezi! Funua uso! Leo mimi si mkwe wako, kesho ndiyo utaninyima huo uso. Leo tuonyeshe!" Nikafunua. Nilivyokuwa na zile pumba, watu wakapiga yowe. Akanitwisha lilelile gunia, tundu lake likiwa limepanuliwa, naona kabisa kwa kidole cha mtu, akaazima zeze kwa kijana mmoja wa kwao, akakaa juu ya mkokoteni wa mashine, vijana wakausukuma, na mimi mbele na mzigo wangu tukazunguka uwanja. Na aliimba! Mimi nilijidhania mtunzi. Aliimba habari za Mnyamwezi aliyebeba mzigo toka Tabora mpaka pwani, alipofika akaambiwa mzigo umesahaulika Tabora, akarudi kuufuata na huku ule wa kwanza uko kichwani. Akaimba mwanamke aliyemwoza binti kwa mashine ya kukoboa, wajukuu wakazaliwa weupe, wameshakobolewa. Nilicheka mpaka gunia likaanguka, nikaambiwa nibebe tena. Mzunguko wa pili shangazi alikuwa bado amenuna. Wa tatu nikamsikia, sikumwona, nikamsikia, kicheko kikavu kama kuni, kimetoka kwa kushtukiza. Kabula alikuwa anacheza na akina Mama Doto huku machozi hayajakauka. Basi la jioni lilipita, likapiga honi, hakuna aliyeinuka.

Kesho yake wakaja nyumbani. Kaka yangu wa Sikonge alikuwa amefika na asali yake, amevaa shati jeupe, hakuna aliyemwambia lolote. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kanga hadi puani. Shangazi ndiye aliyeongea.

"Jibu la nyumba hii tulishalisikia kwenye kipaza sauti," akasema, kavu kabisa. "Tunaomba kulisikia tena, bila ngoma."

"Jibu gani?" kaka yangu akauliza. "Mlishajibiwa na nani?"

Kabula alikuwa amenishika mkono kule ndani ananiminya vidole. Na upande wa pili wa pazia nikamsikia mkwe wangu akikohoa, kikohozi kirefu, cha mtu anayezama na kicheko chake. Mimi nikauma kanga. Tukakaa hivyo, yeye anakohoa, mimi nauma, na ukuta wa pazia kati yetu, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa tena kusema kitu.

Posa ilikubaliwa. Kabula yuko Dodoma na mume wake na anakula mlenda kama mzaliwa. Mkwe wangu huja mara mojamoja, na akija anakaa sebuleni na mimi nakaa jikoni, natuma mtoto apeleke chai, tunasalimiana kwa kupitia watu, kwa heshima ambayo mama yangu angeisifu. Hapo ndipo naumia. Nimepepeta chenga na Wagogo miaka yote, nimetaniana nao kila siku, na mtani bora kuliko wote niliyewahi kumpata nilimpata jioni moja tu, halafu jua likazama akawa mkwe. Wakati mwingine nasikia kule sebuleni amesema kitu na watu wanacheka, na jibu lake ninalo, limenijaa mdomoni, la kumwangusha kwenye kiti, na nalimeza pamoja na mate.

Basi nimeapa, na Mama Doto ni shahidi: mtani yeyote atakayekanyaga hapa akiwa na kijana wa kiume ambaye hajaoa, mimi nampa shikamoo yake na kumpisha njia. Nina binti mwingine, yuko kidato cha pili.